Viungo vya jikoni, figo na ini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa watu wa Tanga mjini, Muheza na Pangani: akina mama wa Ngamiani, mama lishe, wauza mihogo na chachandu, wazee wenye presha wanaokuja kupima huku wameshika mfuko wa manjano na kuuliza kama ni kweli yanasafisha ini. Mimi ni afisa lishe, na nimeyaacha maswali karibu kama yalivyoulizwa. Wengi wanataka niseme kipi kibaya, cha kiwandani au cha asili, na jibu langu huwaudhi wa pande zote mbili. Figo haina habari kama kiungo kimetoka kiwandani au shambani Amani. Yenyewe inakutana na kiasi cha chumvi, na jinsi kitu kilivyokolezwa, na uchafu uliochanganyika humo.

Vidonge vya supu na mchuzi wa pakiti vinaharibu figo?

Kidonge chenyewe si sumu. Chukua karatasi yake usome maandishi madogo ya nyuma. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia, na kwenye vidonge vingi kinachotangulia ni chumvi. Mara nyingi chumvi ni nusu ya uzito au zaidi. Kwa hiyo kidonge cha gramu 4 kinakupa gramu 2 na ushei za chumvi kabla hujagusa kopo la chumvi lenyewe. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima, yaani kijiko cha chai kisichojaa, na hapo ni pamoja na chumvi iliyomo kwenye mkate, sambusa na achari.

Sasa tuitazame sufuria ya maharage ya watu watano. Mama anatia vijiko vitatu vya chai vya chumvi, kama gramu 18, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Halafu anavunja vidonge viwili "vilete ladha". Jumla zinafika gramu 22. Zigawe kwa watano: kila mmoja amepata zaidi ya gramu 4 kwenye mboga ya mlo mmoja. Bado chai ya asubuhi na mkate, bado usiku. Hapo ndipo penye shida. Kidonge hakikuja kuchukua nafasi ya chumvi, kimekuja kukaa juu yake.

Na figo? Chumvi ikizidi, mwili unabakiza maji ili kuizimua, damu inaongezeka wingi na presha inapanda. Figo zako mbili zina vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja kila upande, na kwa siku vinachuja maji ya lita 180 hivi, mengi yakarudishwa mwilini. Mishipa ya vichujio hivyo ni myembamba mno. Presha ikiipiga miaka na miaka, inakakamaa, vichujio vinakufa kimojakimoja, na mwenyewe hasikii maumivu yoyote. Mishipa ya ubongo na ya moyo inapigwa vilevile. Ndiyo maana mtu anapooza upande mmoja ndugu zake wakaapa kwamba jana alikuwa mzima.

Ukitaka kutumia kidonge, tumia. Lakini weka kidonge kwanza, onja, ndipo uamue kama chumvi bado inahitajika. Mara nyingi haihitajiki, au inatosha ya kudokoa kwa vidole.

Kwenye pakiti wameandika "sodiamu", hawakuandika chumvi. Nifanyeje hesabu?

Zidisha sodiamu kwa 2.5. Miligramu 800 za sodiamu ni gramu 2 za chumvi. Kikomo cha siku ni miligramu 2,000 za sodiamu. Angalia pia wamepima kwa gramu 100, kwa kidonge kizima au kwa "mgawo" mmoja, maana kuna wenye kuandika mgawo mdogo ambao hakuna mtu Tanga hii anayeula.

Basi nirudi kwenye chumvi ya mawe ya mabwawa yetu. Hiyo si ya asili?

Ya asili ndiyo, na inapandisha presha sawasawa na ya dukani. Ni ileile. Mawe makubwa yanadanganya kwenye kijiko kwa kuwa yana nafasi katikati, na ndiyo maana wengine huhisi kwamba "haina makali".

Lakini ina suala jingine ambalo watu wa pwani hulipuuza. Tunadhani kwa kuwa chumvi imetoka baharini basi ina madini joto ya kutosha. Haina. Maji yanapokauka bwawani, madini joto yanayobaki kwenye chumvi ni kidogo sana, na ndiyo maana tangu miaka ya 1990 nchi hii inataka chumvi ya kula iongezwe madini joto. Yakikosekana, tezi ya shingo inavimba (rovu), na mama mjamzito anaweza kuzaa mtoto ambaye ubongo wake haukukua vizuri. Samaki wa baharini wanasaidia, ila si kila nyumba inakula samaki kila siku, na huko milimani Lushoto habari ni nyingine kabisa. Nunua chumvi yenye madini joto, ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko mbali na moshi na mvuke, uitie chakula kikikaribia kuiva. Madini joto hupotea kwa unyevu na moto.

Ile MSG wanayoisema kwenye simu, inakula ubongo?

Hapana. MSG, inayoandikwa pia E621, ni chumvichumvi ya glutameti. Mjapani Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908 akichunguza kwa nini supu ya mwani ina utamu ule usio wa sukari wala wa chumvi. Glutameti hiyohiyo imo kwenye nyanya iliyoiva, kwenye uyoga, na kwenye maziwa ya mama, tena kwa wingi. Uvumi wa madhara ulishika kasi mwaka 1968, daktari mmoja nchini Marekani alipoandikia jarida la kitabibu barua kwamba akila kwenye migahawa ya Kichina anasikia ganzi shingoni na moyo kwenda mbio. Barua ilikuwa ya kuuliza, watu wakaifanya hukumu. Majaribio yaliyofuata, ambayo mtu hakujua amepewa MSG au kitu kingine, hayakuthibitisha hali hiyo kwa kiasi cha kawaida cha chakula. Wapo wachache wanaoumwa kichwa wakila nyingi kwa mpigo bila chakula kingine.

Mwaka 2017 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka kikomo cha miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mwenye kilo 60 ni gramu 1.8. Ukitia kijiko kizima kwenye sufuria ya watu wawili umevuka. Sodiamu iliyomo ni kama asilimia 12, wakati chumvi ya kawaida ni karibu 39, kwa hiyo mtu akipunguza chumvi na kutia MSG kidogo anaweza kuishia na sodiamu pungufu. Nikisema hivi mbele ya watu huwa naona nyuso zinakunjana, lakini ndivyo hesabu inavyosema.

Ni kweli viungo vya pakiti vinamaliza nguvu za kiume?

Wanaouliza hili husubiri wengine watoke kwanza. Hakuna ushahidi kwamba kidonge cha supu kinafanya hivyo moja kwa moja. Ila presha na kisukari vinaharibu mishipa ya damu, na ya sehemu za siri ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo hutangulia kuonyesha. Mwanamume wa miaka 45 akiona mabadiliko, akapime presha na sukari kabla ya kwenda kununua dawa ya chupa wasiyoijua hata wanaoiuza.

Manjano yanasafisha ini?

Ini halisafishwi na kitu. Lenyewe ndilo linalosafisha.

Manjano kwenye mchuzi, kwenye pilau, kwenye samaki wa kupaka, hayana neno. Kiini chake, kurkumini, ni kama asilimia 3 tu ya uzito na utumbo hauipokei kwa urahisi. Pilipili manga ndiyo inayoufungua mlango: piperini iliyomo inaongeza sana kiasi cha kurkumini kinachoingia kwenye damu. Kwa mpishi hilo ni jambo zuri. Kwa mtu anayemeza vidonge vya kurkumini vilivyokolezwa na kuchanganywa na piperini ni suala jingine. Nchini Italia mwaka 2019 waliripoti watu waliopata homa ya ini, macho ya njano, baada ya kutumia vidonge vya namna hiyo. Wengi walipona walipoacha. Tena manjano yana oksaleti nyingi, kitu kinachojenga mawe, kwa hiyo mwenye historia ya mawe kwenye figo asinywe kijiko cha unga kila asubuhi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni unga wa rangi kali kupita kiasi. Bangladesh watafiti waligundua, wakachapisha mwaka 2019, kwamba wasindikaji walikuwa wanang'arisha manjano kwa kromati ya risasi, rangi ya kupakia fanicha. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto na figo za mtu mzima, na haina ladha. Sisi tuna bahati kwamba manjano mabichi yanashuka sokoni kutoka Muheza. Nunua mizizi, osha, kata vipande, anika hadi ikivunjwa ilie "ka!", upeleke mashineni na usimame pale wakikusagia.

Na mdalasini kwa wenye sukari?

Ule wa kutia kwenye chai na pilau, endelea nao. Ipo miti ya aina mbili. Mdalasini wa milima ya Usambara na Zanzibar ni ule wa asili ya Ceylon: gamba jembamba, linajikunja tabaka kwa tabaka kama karatasi, unalivunja kwa vidole. Mwingine unaoingia kutoka Asia, kasia, ni gamba nene gumu linalojikunja mara moja. Kasia ina kumarini nyingi, na kumarini ikizidi inaumiza ini la baadhi ya watu. Kikomo chake ni miligramu 0.1 kwa kilo ya uzito kwa siku, na kijiko cha chai cha unga wa kasia kinaweza kukipita. Kwa hiyo anayekunywa mdalasini kila siku ahakikishe ni wa kwetu. Na asiache vidonge vya sukari.

Mbirimbi je? Bibi yangu alikuwa anatengeneza achari, sasa watu wanakamua juisi.

Swali hili ningependa lisomwe na watu wengi kuliko yote.

Mbirimbi mbili tatu kwenye mchuzi wa samaki, au kipande cha achari pembeni ya wali, watu wa pwani wamekula vizazi na vizazi. Bibi alikuwa sahihi. Kwanza alizianika juani zikasinyaa, akazitia chumvi na pilipili, na mtu alikula kidogo kwa sababu ni kali. Juisi ni kitu kingine. Ukikamua mbirimbi za bakuli zima ukanywa glasi kwa mkupuo, tumbo likiwa tupu, umemeza asidi ya oksaliki nyingi kwa mara moja. Ikifika kwenye damu inashikana na kalisi, inakuwa chembe ngumu zenye ncha, na chembe hizo zinakwenda kuziba mirija ya figo.

Si nadharia. Kerala, kusini mwa India, ambako nao wana mti huu uani, madaktari waliandika mwaka 2013 kuhusu wagonjwa 10 ambao figo zao zilifeli ghafla. Walikuwa wamekunywa juisi ya mbirimbi iliyokolezwa wakitaka kushusha lehemu. Wengi wao ilibidi wasafishwe damu kwa mashine. Watu wazima, waliokuwa wakitembea, waliofanya jambo walilodhani ni la afya.

Hapa kwetu juisi hiyo inasifiwa kwa presha na sukari, yaani inapewa watu ambao figo zao tayari zina mzigo. Kwa hiyo nasema bila kumung'unya maneno: usiinywe. Mwenye ugonjwa wa figo aache hata achari yake, kwa oksaleti na kwa chumvi. Ukiwa umeshakunywa, ukaona kichefuchefu, kiuno kinauma na mkojo umepungua, nenda hospitali siku hiyohiyo na utaje juisi. Usipotaja, daktari hatakuwa na sababu ya kuifikiria.

Ukwaju, ndimu na siki navyo ni hivyo?

La. Hivyo ni msaada, maana uchachu unaudanganya ulimi uone chumvi ipo. Angalizo langu ni meno: wanaofyonza ndimu na chumvi mchana kutwa wanalainisha gamba la meno yao.

Magadi kwenye maharage na kisamvu yana ubaya gani?

Magadi ni sodiamu, ingawa hayana ladha ya chumvi. Kijiko cha chai cha magadi soda ya dukani kina miligramu zisizopungua 1,200 za sodiamu, zaidi ya nusu ya kikomo cha siku. Mzee amekatazwa chumvi, nyumba nzima inamtengea mboga isiyo na chumvi, na mboga hiyo imepikwa kwa magadi. Nimeliona hilo mara nyingi, na kila mara mpishi anashangaa kwelikweli.

Magadi ya mawe, yale yanayochimbwa kwenye maziwa ya chumvi ya kaskazini, yana pia floraidi nyingi. Kwa watoto ambao meno yao bado yanajijenga, floraidi inaacha madoa ya kahawia yasiyotoka, na ikizidi mno kwa miaka inaumiza mifupa. Juu ya hayo, magadi yanaua vitamini B1 na C kwenye chungu.

Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, pika. Mkaa hautatumika mwingi zaidi kama wengi wanavyohofia. Kisamvu kitwange vizuri na ukichemshe muda wa kutosha bila kufunika mwanzoni, na hilo ni la lazima kwa sababu ya sumu ya mhogo, magadi yasikufanye ukiipue mapema.

Pilipili inaleta vidonda vya tumbo?

Hapana, ijapokuwa inachokonoa vilivyopo. Vidonda vingi vinasababishwa na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori. Waliomgundua, Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2005, na Marshall alifika mahali pa kumnywa mwenyewe ili athibitishe. Sababu ya pili ni dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini. Mtu anameza diklofenaki kila jioni kwa ajili ya mgongo, tumbo likianza kuwaka analaumu chachandu. Dawa hizohizo zinabana damu inayoingia kwenye figo, tena zaidi kwa mwenye presha. Kwa hiyo kabla hujamfukuza muuza pilipili, angalia kwenye pochi yako.

Ukisikia kiungulia ukila pilipili usiku, kula mapema na upunguze. Ukipata choo cheusi kama lami, ni hospitali.

Kuhusu chachandu ya barabarani, naogopa zaidi maji iliyozimuliwa nayo na ndoo iliyokaa juani tangu asubuhi.

Uji wa pilipili manga wakati wa mfungo?

Kunywa kwa raha zako. Mwenye kiungulia apunguze pilipili manga, na mwenye sukari apunguze sukari.

Natumia habat soda na kitunguu saumu kwa presha. Naweza kuacha dawa?

Usiache. Vyote viwili vimechunguzwa na vinaonyesha kushusha presha au sukari kidogo. Neno la kuzingatia ni "kidogo". Presha ya 180 kwa 110 haishuki kwa punje tatu za saumu. Changamoto ya pili ni kuchanganya: mafuta ya habat soda kwa vijiko pamoja na vidonge vya sukari yanaweza kuiangusha sukari kupita kiasi. Na mtu anayetumia dawa ya kuyeyusha damu, mfano warfarini, au anayekwenda kufanyiwa upasuaji, asile saumu mbichi nyingi wala tangawizi kwa wingi bila kumwambia daktari, kwani damu inaweza kuchelewa kuganda. Simkatazi mtu kitu anachokitumia kwa imani yake. Namwomba anitajie, niandike kwenye kadi.

Mafuta ya karafuu ni salama kwa mtoto mwenye tumbo la gesi?

Hapana kabisa. Karafuu nzima kwenye pilau ni chakula. Mafuta yake ni karibu eujeno tupu, yaani kemikali kali ya karafuu, na watoto wadogo waliomeza kati ya mililita 5 na 10 wamepata kuzimia, degedege na ini kushindwa kazi. Kichupa kikae juu, mbali na mkono wa mtoto. Kungumanga nayo ipo njia hiyo: kukwangua kidogo juu ya vitumbua ni sawa, lakini kuanzia gramu 5 hivi mtu anaweza kuona maruweruwe, moyo ukaenda mbio, na vijana wapo wanaojaribu makusudi. Mjamzito asiitumie kwa wingi.

Nitajuaje bizari niliyonunua imechanganywa au imeoza?

Kwa macho huwezi kujua yote, tusidanganyane. Vile vipimo vya glasi ya maji vinavyosambazwa havioni risasi. Mwaka 2005 Uingereza iliondoa madukani mamia ya bidhaa kwa sababu ya pilipili ya unga iliyotiwa Sudan 1, rangi ya viwandani inayohofiwa kuleta saratani, na walihitaji maabara kuiona.

Unachoweza ni kununua kiungo kizima. Binzari nyembamba, giligilani, iliki, pilipili manga, vyote vinapatikana vizima soko la Mgandini. Chambua, anika tena hata kama vimeuzwa vikavu, saga kidogokidogo. Joto la Tanga lina unyevu, na unga uliokaa miezi kwenye mfuko laini unashika ukungu. Ukungu wa pilipili, karanga na mahindi unaweza kutoa sumukuvu, inayoshambulia ini papo kwa papo ikiwa nyingi, na polepole hadi saratani ikiwa kidogo kila siku. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu Dodoma na Manyara. Kuchemsha hakuiondoi. Pilipili yenye doa jeupe au harufu ya uvundo, tupa, usiikaange "kuua ukungu".

Ukinunua iliyofungwa, tafuta nembo ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula, na jina la aliyefunga. Mfuko usio na jina hauna wa kumuuliza.

Rangi ya biriani?

Zilizoruhusiwa, kwa kiasi kidogo, hazijaonekana kuharibu figo wala ini. Utafiti wa Southampton wa mwaka 2007 ulihusisha mchanganyiko wa baadhi yake na utundu wa watoto, na Ulaya sasa inataka onyo kwenye pakiti. Kama zafarani ni ghali, manjano yanatosha. Rangi ya kupakia ukili na mikeka haiingii kwenye sufuria.

Nasikia kuna wanaolainisha nyama kwa Panadol.

Nami nasikia. Parasetamoli ina kikomo cha gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, ikizidi inaua ini, na ikichemshwa muda mrefu inaweza kuvunjika ikawa kitu kinachoumiza figo. Mlaji hajui amemeza kiasi gani, na huenda ana homa na atameza nyingine nyumbani. Papai bichi linalainisha nyama ngumu ya ng'ombe vizuri kabisa, liko uani, halina gharama. Anayefanya hivyo kwa sababu ya mkaa, aongeze papai.

Ile chumvi mpya ya potasiamu ni nzuri?

Kwa wengi ndiyo. Ni chumvi ambayo sehemu ya sodiamu yake imebadilishwa kwa potasiamu. China walifanya majaribio kwa watu karibu 21,000 vijijini, matokeo yakatoka 2021: waliobadilisha chumvi walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 14. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watu wazima, isipokuwa wajawazito na wenye ugonjwa wa figo, na watoto pia hawamo. Figo mbovu haiwezi kutoa potasiamu, na potasiamu ikijaa kwenye damu moyo unaweza kusimama. Wenye kutumia baadhi ya dawa za presha nao waulize kwanza. Kama hujawahi kupima figo, anza na kupima.

Ng'onda na papa mkavu tuache?

Msiache, ila mchukulieni kama kiungo, asiwe ndiye mboga yenyewe. Loweka, mwaga maji mara mbili, na usitie chumvi nyingine. Kipande kimoja cha papa kinatosha kutia ladha sufuria ya kunde.

Nikipunguza chumvi, mume wangu anasusa chakula. Nifanyeje?

Usipunguze kwa siku moja. Toa robo, kaa wiki mbili, toa tena. Ulimi unazoea ndani ya wiki kadhaa, na baada ya hapo chakula cha zamani unakiona kikali. Zipo njia za kizamani zilizosahaulika: kaanga binzari nyembamba nzima kwa moto mdogo hadi inukie ndipo uisage, chukuchuku ya samaki ya ndimu, tangawizi, nyanya zilizoiva sana na pilipili mbuzi ikielea bila kupasuka, ukwaju mwishoni kwenye mchuzi wa bada. Kopo la chumvi liondoke mezani, na chupa ya sosi pia. Na usimtangazie. Mwanamume akiambiwa "leo nimepunguza chumvi" ataikosa hata kama umeizidisha.

Mtoto aanze lini kula viungo?

Kuanzia miezi sita anapoanza uji na vyakula laini, iliki kidogo au mdalasini wa kunusa hauna tatizo. Chumvi na vidonge vya supu, hapana mpaka atimize mwaka, kwa kuwa figo zake bado changa na maziwa yana sodiamu inayomtosha. Mtolee chake kwenye sufuria kabla hujakoleza cha wakubwa. Asali pia asionjeshwe kabla ya mwaka. Bibi akisisitiza alambishwe, mwelezeni kwa upole kwamba asali inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ambavyo tumbo la mkubwa linavimudu na la mtoto mchanga haliwezi.